Mguu Ulionyooshwa na Kamati

Mwanamke mmoja wa Tukuyu alikuwa na kazi ya kuchora vitabu vya watoto, na jina lake Sekela. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na meza ya jikoni, kalamu ya risasi, chupa ya wino, na magoti yanayokubali kukaa chini. Kabla hajampelekea mchapishaji picha zake, alikunja karatasi hafifu, akazishona kwa uzi katikati zikawa kijitabu, akaenda nacho kwa watoto wa jirani ambao hawajajua kusoma. Alifungua ukurasa akanyamaza. Hakueleza kitu. Alitazama kidole. Kidole cha mtoto kikisimama mahali, alijua ukurasa huo unapumua. Kikipita kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa, alirudi nyumbani akauchana. Maneno aliyaandika mwisho, tena machache, kwa kuwa aliona ni utovu wa adabu kumwambia mtoto kwa mdomo jambo ambalo ameshaliona kwa macho.

Jirani yake, Atuganile, alikuwa na binti wa miaka saba aitwaye Subilaga. Mguu wa kushoto wa mtoto huyu ulizaliwa ukielekea ndani, naye akakanyaga kwa ubavu wake. Mvua ya Tukuyu hainyeshi kwa msimu, hunyesha kwa mazoea, na udongo wa kule hautunzi siri ya mtu: kila apitaye huacha unyayo. Unyayo wa kulia wa Subilaga ulikuwa kama wa watoto wote. Wa kushoto ulikuwa umejipinda kama mwezi mchanga. Watoto wa mtaani waliufuata mpaka alipojificha, wakamcheka, wakaenda zao. Naye akajifunza kutembea kwenye majani. Wenzake walipoandikishwa darasa la kwanza, mama yake alimwambia mwalimu mkuu, "Huyu bado mdogo, mwalimu. Mwakani." Mwalimu mkuu alijua, na Atuganile alijua kwamba mwalimu mkuu anajua, wakaagana kwa heshima.

Sekela hakumhubiria jirani yake. Alichora. Alichora msichana anayekwenda gulioni na mdogo wake siku ya ukungu. Kule gulioni wanapotezana. Msichana anarudi nyumbani mbio akidhani mdogo ametangulia, kumbe mdogo yuko nyuma, peke yake, katika njia panda, mbele ya udongo uliokanyagwa na watu wote waliotoka gulioni siku hiyo. Nyayo za viatu, nyayo za kandambili, nyayo za ng'ombe, zimetapakaa kila upande. Anatazama. Na katikati ya zote anaiona miezi michanga, mmoja baada ya mwingine, inapanda kuelekea migombani. Anaifuata. Kwenye ukurasa wa mwisho yuko mlangoni kwao. Katika kitabu kizima hapakuwa na neno mguu. Kwenye ukurasa wa nyayo Sekela aliandika maneno mawili tu: Akaijua njia.

Alikipeleka kijitabu kwa Subilaga, akafungua, akanyamaza. Kidole cha mtoto kilipita ukungu, kikapita soko, kikafika kwenye nyayo. Hapo kikasimama, wala hakikuondoka.

"Huu wangu," akasema.

"Ndiyo."

"Kitabu hiki watu watakiona?"

"Kitapelekwa shuleni. Januari kitakuwa darasani."

Subilaga akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu mzima anayepatana bei. "Basi na mimi nitakwenda," akasema. "Kikiwepo hiki, nitakwenda."

Atuganile alikuwa akichambua maharage. Aliyaacha, akavaa kitenge cha kutokea, akaenda shuleni mchana uleule. Jina la binti yake likaandikwa. Hiyo ndiyo dhamana iliyowekwa juu ya kitabu kile, na naomba muiweke moyoni, maana waliokipokea Mbeya hawakuwa na habari nayo, na walipopewa habari hawakuwa na pa kuiweka.

Mchapishaji alikuwa Bwana Mwaisumo, mtu mkarimu, asiyependa ugomvi na yeyote mwenye mhuri. Alikuwa na kamati ya watu watatu ya kuhakiki vitabu vya watoto. Mwenyekiti alikuwa Daktari, na tuelewane, daktari wa vitabu. Mtu akizimia mbele yake angempa orodha ya marejeo. Tasnifu yake ilihusu mtoto kama msomaji, kurasa mia nne, na tangu alipoimaliza hakuwahi kukaa chini na msomaji huyo. Wa pili alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu. Wa tatu alikuwa mwakilishi wa wafadhili, kijana mpole aliyesema neno "chanya" kila alipotaka kusema "hapana".

Desturi ya kamati ilikuwa hii: maneno yachapwe kwenye karatasi yake, picha zitiwe kwenye bahasha yake. Walianza na karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo kitabu. Bahasha ilikuwa mapambo. Watu hawa walikuwa wamesoma miaka mingi hata wakasahau kwamba kuna kusoma kwingine kunakotangulia herufi. Waliyapitisha maneno kabla chai haijapoa. Kisha mkaguzi akafungua bahasha.

"Mbona mguu huu umepinda?"

Daktari akaipitia karatasi mara mbili. "Kwenye matini hakuna mguu."

"Basi mchoraji amekosea."

"Huenda alikuwa na haraka," akasema kijana wa wafadhili, akamwonea Sekela huruma.

"Amekosea kila ukurasa?"

"Ndiyo ubaya wa wasanii," akasema Daktari. "Wakikosea, wanakosea kwa mtindo."

Wakacheka kidogo, wakaandika: Mguu wa mhusika mkuu unyooshwe. Wakaweka sahihi, wote watatu. Hakuna aliyeuliza yule mtoto wa njia panda alijuaje njia. Maneno yalisema aliijua, na kamati iliyaamini maneno kama watu wanavyoamini cheti.

Bwana Mwaisumo alimpigia Sekela simu. "Dada Sekela, hongera sana, kazi safi. Kuna kamguu kamoja tu."

"Kamguu gani?"

"Kale ka kushoto. Kanyooshe tu, dada yangu, tuwahi."

Sekela alipanda gari akaenda Mbeya. Alikaa mbele ya kamati akaeleza kwa utaratibu, ukurasa kwa ukurasa, kama anavyoeleza mtu aliyezoea kunyamaza. Akasema habari za Subilaga na za jina lililoandikwa shuleni. Daktari akavua miwani.

"Kumbe ni kitabu cha ulemavu," akasema. "Ungetuambia. Kina fungu lake kabisa."

"Si kitabu cha ulemavu. Ni kitabu cha mtoto aliyepotea."

"Basi tuongeze sentensi mwanzoni. 'Ingawa alikuwa mlemavu, alipendwa na wote.' Hapo mguu utakuwa na sababu ya kupinda."

"Mguu wake hauhitaji sababu, Daktari. Na hapendwi na wote."

"Ndiyo maana tunaandika, ili tuhimize."

"Mkiandika hivyo mtoto atakuwa somo."

"Na kitabu cha mtoto ni nini, kama si somo?" akauliza mkaguzi, na aliuliza kwa nia njema, akitaka kujua kweli.

Sekela alizitazama nyuso zile. Hazikuwa nyuso mbaya. Kamati ilikuwa na milango miwili, wa kumhurumia mtoto na wa kumnyoosha, na yeyote aliyetaka kumwacha apite alivyo aliambiwa achague mmoja. Akaomba juma moja.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kumtetea na siwezi. Orodha ya vitabu vya shule ilikuwa inafungwa mwezi huo, na ikishafungwa haifunguliwi ila baada ya miaka mitatu. Sekela akajiambia: nilimwahidi mtoto kwamba Januari kitabu kitakuwa darasani. Nikigoma, hakitakuwepo. Nikinyoosha, kitakuwepo. Mguu ni mstari mmoja tu, na nyayo nitaziacha kama zilivyo, nazo watu hawa hawatazitazama. Kwa hesabu hiyo alikaa mezani jikoni kwake, akachukua ufutio, na ukurasa baada ya ukurasa akaunyoosha mguu wa Subilaga. Alimponya kwa ufutio, bila dawa wala maumivu, kama tunavyopenda kuwaponya watu. Siku aliyoahidi aliitimiza. Alichoahidi alikifuta.

Kuhusu kamati, alisema kweli: hawakuzitazama nyayo. Lakini palikuwa na msanifu wa kurasa, kijana hodari wa kompyuta, mpenda mpangilio. Yeye aliziona. Akaona msichana mwenye miguu iliyonyooka anaacha unyayo mmoja mzima na mwingine uliojikunja, akasema moyoni kwamba mchoraji amesahau kumalizia marekebisho. Akamsaidia. Alinakili unyayo mzuri mmoja akaubandika mahali pa zote mbaya, na kwa kuwa ulikuwa mzuri sana akaubandika pia juu ya viatu, juu ya kandambili, na juu ya ng'ombe. Ukurasa ukapendeza. Mtoto wa njia panda akabaki amesimama mbele ya udongo wenye nyayo mia, zote sawa, zinazokwenda kila upande. Chini yake pameandikwa: Akaijua njia. Mitambo ikachapa hivyo, nakala elfu tatu.

Kitabu kilipata tuzo. Sisemi ni tuzo gani, ziko nyingi na zinafanana. Januari ukafanyika uzinduzi shuleni Tukuyu, chini ya turubai, mvua ikinyesha kwa mazoea yake. Palikuwa na bango kubwa lenye picha ya msichana, amenyooka kama mlingoti. Daktari alisema maneno mengi kuhusu umahiri wa taswira na nafasi ya mtoto katikati ya kitabu, na mtoto mwenyewe alikuwa kwenye benchi la nyuma, amevaa sare mpya na kiatu cha kushoto alichoshonewa na fundi kwa kipimo cha mguu wake. Mama yake alikuwa amempaka mafuta mpaka anang'aa. Hakumwogopa mtu. Alikuwa anasubiri kitabu.

Vitabu vikagawiwa darasa la kwanza. Sekela alikuwa amesimama pembeni, na kwa mazoea alitazama vidole. Vilipita ukungu, vikapita soko, vikafika kwenye ukurasa wa nyayo. Vikatangatanga. Vilikwenda kulia, vikarudi, vikaenda kushoto, vikaondoka. Hakuna hata kimoja kilichosimama. Ndipo Sekela alipotwaa nakala, akafungua ukurasa ule kwa mara ya kwanza tangu utoke mikononi mwake, na akaona kazi ya msanifu.

Subilaga alikifungua chake mwanzo hadi mwisho. Akarudi nyuma. Aliutazama mguu ulionyooka, akaupita. Labda alikuwa amewazoea watu kuutazama mguu wake na kuona kitu kingine. Alipofika njia panda akaweka kidole, akakiondoa, akakiweka tena. Kisha akainuka, akapita katikati ya wageni mpaka kwa Sekela, akamshika mkono.

"Anti," akasema, "sasa huyu mdogo wangu atafikaje nyumbani?"

Daktari alikuwa karibu akasikia. Alifurahi, maana watoto walikuwa hawaulizi sana katika tasnifu yake. Akainama, akaweka ukucha wake chini ya maneno mawili. "Ameshafika, mwanangu. Si imeandikwa hapa? Akaijua njia."

Subilaga aliutazama ukucha. Akautazama udongo wenye nyayo mia. "Hajafika," akasema. "Yuko palepale."

"Mtoto ana ubunifu mzuri," Daktari akamwambia kijana wa wafadhili, na kijana akasema ni jambo chanya. Wakaenda kupiga picha. Subilaga akaweka kitabu juu ya benchi, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu, akamwambia mama yake waende. Jumatatu masomo yalipoanza hakuja. Jumanne hakuja. Atuganile hakumgombeza. Kila mmoja alijua sharti lilikuwa nini, na kila mmoja alijua kwamba aliyelivunja hakuwa mtoto.

Sekela alimwomba Bwana Mwaisumo arekebishe. "Dada yangu," akasema yule mtu mkarimu, "kitabu kimeshapewa tuzo. Nikikirekebisha nitakuwa nasema walitunuku kosa. Wale ni watu wazito." Alimwomba mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema vitabu ni mali ya serikali, na kuchora ndani yake ni kosa, hata watoto wanaadhibiwa. Basi hakubakiwa na mtu wa kumwomba isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyestahili kuendewa kwanza. Alimkuta Subilaga uani anapepeta mchele. Sekela akakaa chini, ardhini, na sketi yake ya kwendea mjini.

"Aliyenyoosha ni mimi," akasema. "Si wao. Wao walisema, mimi ndiye niliyeshika ufutio. Niliogopa kitabu kitachelewa."

Mtoto aliendelea kupepeta. Alitoa chuya, akatoa jiwe, akalitupa. Akasema bila kumtazama, "Basi upinde."

Hakuna kamati iliyowahi kutoa uamuzi mfupi kiasi hicho. Jumatano asubuhi Sekela aliingia darasa la kwanza na rangi na wino wake, akakaa mkekani kati ya watoto, akaomba nakala zote arobaini. Mwalimu wa darasa, mwanamke aliyekuwa na watoto themanini na chaki tatu, alimtazama, akageuka kuandika ubaoni, na hakugeuka tena kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sekela alianza na kitabu cha kwanza. Alifunika nyayo nzuri kwa rangi ya udongo. Akarudisha viatu, akarudisha kandambili, akarudisha ng'ombe. Akaupinda mguu katika kila ukurasa. Na katikati ya fujo yote akachora miezi michanga, mmoja baada ya mwingine, ikipanda kuelekea migombani. Watoto walimzunguka wakamwegemea mabegani.

"Amepita hapa," akasema mmoja, na kidole chake kikasimama.

"Nani?"

"Si ni dada yake! Ona, kanyaga yake si kama ya wengine."

"Mguu wa nani ule?"

"Kama wa Subi wa kwa mama Atuganile."

"Basi mdogo wake atafika."

Hawakucheka. Sisemi watoto wale walikuwa wema. Walikuwa walewale wa mtaani. Lakini mtu hamcheki anayejua njia wakati yeye mwenyewe bado anaitafuta. Kazi ilimchukua siku tatu. Siku ya pili Subilaga alikuja na mama yake, akasimama mlangoni, akaona vitabu vimeanikwa wino ukauke, vimefunguliwa vyote ukurasa mmoja. Akaingia. Mpaka leo anakaa safu ya pili, na majani ya uwanja wa shule ameyaachia mbuzi.

Barua ilikuja kutoka Mbeya kabla mwezi haujaisha. Ilisema mchoraji ameharibu nakala arobaini za kitabu chenye tuzo, kwa kuingiza makosa ambayo kamati ilikuwa imeyaondoa. Ilisema hatapewa tena kazi, na hakupewa. Sekela sasa anachora mabango ya saluni na ya kliniki, na jioni anashona vijitabu vyake vya karatasi hafifu ambavyo hakuna mchapishaji anayevingoja. Nakala nyingine, elfu mbili mia tisa na sitini, ziko katika shule za nchi, safi, na katika kila moja yuko mtoto amesimama njia panda. Daktari bado ni mwenyekiti. Mwaka huu anaandika kuhusu kitabu kile, na nasikia sura ya tatu ni nzuri.

Ninyi mnaosikiliza, wengi wenu mna mihuri, na wengine mna ufutio. Niambieni basi: kati ya mtoto ambaye hajui hata herufi moja akaona kwamba mdogo wake hajafika, na watu watatu waliosoma kila kitu wakaweka sahihi, ni nani aliyestahili kuandikishwa darasa la kwanza?